Mama Mafaili na Kitanda cha Kumi na Saba

Saa mbili kasoro robo asubuhi, Mama Mafaili anafungua dirisha la chumba cha kumbukumbu, anapangusa meza mara ya pili na kuvaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Leo anatarajia mgeni.

Shirika la hisani analolitunzia kumbukumbu zamani lilikuwa na makao ya watoto. Watoto hao sasa ni watu wazima, wanaandika kuomba taarifa zao. Sheria inatoa siku thelathini za kujibu.

Mgeni wa leo ni fundi cherehani wa miaka arobaini na mmoja. Barua yake iliuliza jambo moja: nilitupwa, au nililetwa?

Mama Mafaili alipekua makabati yote matatu kwa jina lake, akaambulia patupu. Mkuu wake akamshauri ajibu kwamba faili halipo, yaishe.

“Nilikataa,” anasema. “Halipo na sijaliona ni vitu viwili. Mwenzangu atalala na jibu hilo maisha yake yote.”

Zikiwa zimebaki siku nne, alitazama upya namba ndogo zilizoandikwa kwa penseli pembeni mwa majalada. Ndipo akang’amua: walezi wa zamani waliwaandika watoto kwa majina ya utani, na namba hizo zilikuwa za vitanda vyao.

“Miaka kumi na tisa nikidhani ni namba za rafu,” anasema, akijicheka mwenyewe.

Akampigia fundi simu, akamuuliza alilala kitanda gani. Fundi hakufikiri hata kidogo: cha kumi na saba, dirishani. Jalada la kitanda hicho, la miaka aliyokaa pale, liliandikwa “Kicheko”.

Kabla ya kutoa nakala, alifunika majina ya watoto wengine kwa vipande vya karatasi, maana siri zao si za fundi. Kazi hiyo ilimla siku mbili.

Saa tatu fundi anaingia, anakaa, anasoma polepole. Mama yake alikuwa mgonjwa. Alimleta mwenyewe, akawa anakuja kumwona kila Jumapili hadi alipofariki, fundi akiwa bado mchanga.

“Kumbe alinileta,” anasema fundi, na kuikunja nakala kwa uangalifu kama kitambaa cha mteja. Mama Mafaili anavua miwani, anafuta macho bila kujificha.

Anastaafu mwakani. Kabla ya hapo anataka kumaliza daftari linalounganisha kila kitanda, kwa kila mwaka, na jina kamili la mtoto. Kati ya mafaili mia sita, amefikia themanini.

Fundi akishaondoka, anavuta jalada linalofuata, la kitanda cha kumi na nane.

“Huyu bado hajaandika,” anasema. “Akiandika, atakuta nilishaanza kumtafuta.”