Sufuria ya Kwanza ya Mwinyijuma

Baba yake alimwachia Mwinyijuma mivukuto, koleo, na kazi ya kusubu: kuyeyusha shaba na kuimimina kwenye kalibu za udongo mpaka itoke vikuku. Walipohamishiwa kijiji cha ujamaa huko Masaki ya mashambani, vyombo vyote alivibeba mwenyewe, hakumwamini mtu. Lakini mabibi harusi sasa walitaka bangili za plastiki kutoka Dar. Tanuri likapoa, kuku wakataga humo.

Binti yake Sikuzani, aliyekuwa ameachika na kurudi nyumbani, alimwambia, "Baba, unasubu unachokijua wewe. Waulize watu wanakosa nini."

"Fundi mzima nikapige hodi majikoni?"

"Basi nitapiga mimi."

Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, na maduka hayana kitu. Jirani yao Mwanamvua alikuwa akisongea ugali kwenye debe lililokatwa. Debe likiyumba, analikanyaga ukingoni, na moto unamlamba unyayo. Sikuzani aliliona kovu. Kesho yake akarudi na sufuria ya udongo aliyoifinyanga.

"Jifanye unasonga, dada."

Mwanamvua akacheka, akasonga hewa. "Masikio yapandishe, moto usiyafikie. Na tako liwe zito, litulie."

Sikuzani akaifinyanga upya, akarudi, akarekebishwa tena. Mwinyijuma alitazama tu. Siku moja akauliza, "Shaba ya kujaza dude hilo utaitoa wapi?"

Binti akamwaga chini vipande vya injini ya lori bovu: aluminiamu. Mwinyijuma hakuwahi kuisubu. Wakaikandamiza sufuria ya udongo kwenye mchanga ndani na nje ili iache umbo lake, wakaitoa, wakamimina aluminiamu iliyoyeyuka. Mchanga ulikuwa mbichi. Madini yakatema cheche, na sufuria ikatoka na tundu la kupita ngumi.

Mwinyijuma alizoea kujilaza kitandani akikasirika, lakini safari hii hakujilaza. Aliuanika mchanga juani, akauchekecha mwenyewe, akawasha makaa ya mkorosho. Shaba aliyoizoea humiminika nyekundu, inanguruma. Aluminiamu ilishuka nyeupe kama maziwa, kimya, na ndani yake akaliona wingu likipita.

"Subhanallah," akanong'ona.

Ilipopoa wakaubomoa mchanga. Sufuria ilikuwa nzima, masikio juu, tako zito. Ubavuni kulikuwa na mistari midogo. Mwinyijuma akaisogeza machoni: alama ya kidole gumba cha mwanawe, kila mkunjo wake, iliyotoka kwenye udongo ikapita mchangani mpaka kwenye aluminiamu. Miaka yote ya kazi hakuwahi kuona kitu kama hicho. Akakaa chini, akaipapasa.

Mwanamvua alisonga ugali siku hiyo miguu yote miwili ikiwa chini, majirani wamejaa mlangoni kutazama. Kabla ya masika watu walikuwa wakija kwa miguu kutoka mbali, Magindu, kuagiza sufuria, na Sikuzani ndiye aliyeshika koleo.