Mluzi wa Kumkojoza Manman

Mimi Lanying sifichi, napenda kujua mambo ya watu. Kituo cha watoto yatima kilipomwarifu jirani yangu Qiao Suzhen kwamba Manman, mtoto aliyekuwa akimlea, amepata wazazi, tena Waholanzi, nilihamia kwake na maswali yangu yote. Watu gani hao wanapanda ndege kufuata mtoto wa mwaka na nusu, hata pua hajui kufuta? Watamlisha nini? Watamwita nani?

"Nimuulize nani, Lanying?" alisema. "Sisi walezi haturuhusiwi hata kuwaona."

Suzhen ni mjane, anashona soli za viatu, na Manman alikuwa mtoto wa saba kumlelea kituo. Sita aliwatoa bila maneno. Huyu aliletwa akiwa wa siku arobaini, hanyonyi, kila mtu kamkatia tamaa. Suzhen akamnywesha maji ya uji wa wali kwa kijiko, tone kwa tone, mpaka akanenepa. Basi huyu akamwingia moyoni.

Asubuhi ya kumtoa alimvika sweta nne, akampa yai la kuchemsha mkononi, akamkabidhi kwa binti Du wa ofisi ya kituo. Kisha akarudi kufua nguo zilizokuwa safi tayari.

Jua halijazama, simu ikalia. Alikuwa binti Du, yuko hotelini na wageni. Nikasogeza sikio.

"Shangazi Qiao, huyu mtoto ana ugonjwa gani hukutuambia? Tangu asubuhi hajakojoa. Wamemvisha nepi, analia na kujikunja tu. Huyu mama anaogopa ni figo. Kutia saini ni kesho saa tatu, na mpaka hapo wana ruhusa ya kumrudisha."

Tukatazamana. Kwetu mtoto hakojoi kwenye nepi. Unamshika mapaja, unamchutamisha juu ya beseni, unampigia mluzi mwembamba, anaachia. Kwenye karatasi ya mazoea ya Manman, Suzhen aliandika uji, aliandika usingizi, hata woga wa kuku aliuandika. Mluzi hakuandika. Nani aandike jambo linalojulikana na kila mtu? Na huyo Du hajawahi kulea hata paka.

Nikaiziba simu kwa kiganja. "Sema hujui. Nyamaza tu, kesho unarudishiwa mwanao."

Du akaita halo mara tatu. Nilidhani nimemshinda.

"Mzima kabisa," akasema mwishowe. "Mwekee simu sikioni."

Akapiga mluzi. Kule kilio kikakatika. Kisha tukasikia vishindo vya miguu midogo, na milango ikifunguliwa.

"Anakutafuta kabatini, shangazi," Du akasema.

"Hajakojoa?"

"Bado."

Suzhen akafuta macho kwa mkono wa sweta. "Basi mimi nisipige tena. Mpe simu huyo mama, umtafsirie. Yeye ndiye atakayepiga."

Yule Mholanzi akapuliza. Ikatoka hewa tupu, kama tairi la baiskeli lenye pancha. Mimi nikacheka, na wallahi nilicheka kwa ubaya.

Suzhen hakucheka. "Mwambie alaze ulimi. Midomo aifanye midogo. Asipulize kwa nguvu, hafukuzi kuku. Tena. Tena." Alimfundisha kwa uvumilivu ambao kwangu mimi hajawahi kuuonyesha, mpaka mluzi ukatoka, mwembamba, umenyooka. "Sasa amvue hiyo nepi, amchutamishe bafuni, apige polepole."

Tukangoja. Mluzi ukaja kwa mbali, ukakatika, ukaja tena. Halafu kelele na vicheko.

"Amekojoa!" Du akasema. "Kamlowesha mama viatu vyote."

"Haya," Suzhen akasema, akakata simu.

Hasira zilinipanda. "Una akili wewe? Ungenyamaza siku moja tu."

"Tumbo lilikuwa linamuuma, Lanying."

Akalivuta beseni la Manman kutoka uvunguni, akalisugua, akaligeuza juu chini ukutani likauke. Alipomaliza akaniuliza, bila kunitazama, "Umemsikia yule mama? Mwishoni alikuwa anapiga kama mimi, au siyo?"

Nilitaka kumbishia. Lakini ilikuwa kweli, usingewatofautisha.

"Kama wewe," nikamwambia.