Mwaka wa Ulezi Mwingi

Asubuhi ile nilikuwa natwanga mahindi uani. Kaka yangu Yohana Sichalwe akapita na panga begani, akachukua kiazi changu jikoni bila kuomba, kama kawaida yake. Alikuwa amekata matawi mlimani karibu mwezi mzima, ameyarundika duara moja kubwa, nayo yalikuwa yamekauka.

Sisi Wanamwanga wa juu ya Tunduma, ulezi tuliulima hivyo. Unachoma matawi mawingu ya kwanza yakionekana, unapanda kwenye majivu. Ukiwahi, upepo unabeba majivu yote. Ukichelewa, mvua inalowesha matawi na mwaka huo huna ulezi. Siku ya kuchoma ni moja au mbili, basi.

"Leo nachoma," akasema.

"Na katazo je?"

"Nimepita kwa balozi. Kasema nichome mchana, jua likizama moto uwe umezimika. Ndege ikija nitaiomba isubiri, nitaiambia nina dada mlafi."

Katazo lilikuwa la vita. Nchi yetu ilikuwa na uhuru wake, lakini wenzetu wa kusini walikuwa bado wanaupigania. Malori yenye maturubai yalipita Tunduma kwenda Zambia, na ndani yake vijana wasiotaja majina yao. Kisha daraja moja huko ng'ambo likalipuliwa, na ndege tusizozijua zikaanza kuonekana. Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Lameki Simwinga, akapita kila mlango: moto wa nje marufuku, mgeni aripotiwe.

Tangu siku hiyo tukaanza kuangaliana. Aliyenunua betri za redio aliulizwa anasikiliza nani. Mimi mwenyewe nilikuwa nahesabu mara ngapi jirani yangu Mama Tabu anakwenda kisimani, na akikawia nilijiuliza kakutana na nani. Mama Tabu, aliyenizalisha wanangu wawili.

Saa saba mchana moshi wa Yohana ulipanda juu, umenyooka, maana upepo ulikuwa umelala.

Ndipo nikasikia mlio.

Ndege ilitokea upande wa Zambia, chini chini. Ilizunguka mlima mara moja.

Nililala kifudifudi juu ya mahindi.

Mabomu yakaangukia ng'ambo. Ardhi ikatetemeka, kinu kikaanguka.

Halafu kimya. Hata kuku hawakulia.

Ng'ambo walikufa watu. Ninayemjua kwa jina ni Estele, aliyekuwa akituletea samaki wakavu na kutusalimu kwa Kibemba "Mwapoleni mukwai!" kabla hata hajafika uani. Basi msidhani hofu yetu ilikuwa ya bure.

Saa kumi gari likaja kutoka Vwawa, wilayani. Akashuka bwana mmoja wa kaunda suti, mtu wa mbali, hakuijua lugha yetu wala kilimo chetu. Mgambo wakatukusanya mbele ya kanisa, wakiongozwa na Jailo Silwimba, kijana tuliyemlea wenyewe.

"Moshi ule ni wa nani?" bwana akauliza.

Nikamtazama Mzee Lameki, nikimngoja aseme kwamba ruhusa aliitoa yeye. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Nikadhani nikisema ukweli yataisha.

"Ni wa kaka yangu Yohana, baba. Anachoma shamba la ulezi."

"Jailo anasema limepangwa duara."

"Ndiyo, duara."

"Na huyo kaka yako huvuka kwenda ng'ambo?"

"Wakwe zake wako kule, baba. Hata wewe ungevuka, pombe yao ni nzuri."

Watu wakacheka kidogo. Yeye hakucheka. Aliandika.

Yohana aliteremka mlimani mwenyewe, majivu mpaka viwikoni, akiuliza nani kaumia. Jailo akamshika mkono mmoja, mwingine akamshika wa pili.

"Skola," kaka akaniambia, "mvua ikinyesha mara mbili, panda. Usinisubiri."

Gari likaondoka.

Hakurudi.

Nilitembea kwenda Vwawa kumwulizia. Mara ya kwanza niliambiwa duara lake la moto lilikuwa alama ya kuita ndege, na kwamba yuko Mbeya. Nikaenda Mbeya, wakasema hawamjui. Nikarudi Vwawa tena na tena. Mzee Lameki alisema, "Mwanangu, sikumbuki kama alinipitia." Kama alisahau kweli au aliogopa, mpaka leo sijui, na alikufa bila kuniambia. Krismasi ile aliniletea kuku. Nilimpokea, lakini sikumla. Alitaga mpaka akafa kwa uzee.

Nisingeyaeleza haya kama si mjukuu wangu Elia, anayeshughulikia karatasi za malori hapo mpakani. Mwezi uliopita alikuja na simu mkononi.

"Mke wangu," akasema, maana ndivyo anavyonitania, "hivi uhuru ulitupa nini? Nchi inapimwa kwa uchumi tu. Umeme, barabara, kazi. Kama mkoloni angetujengea zaidi, si bora angebaki?"

"Nani kakwambia?"

"Watu wa mtandaoni, Bibi."

"Wana majina?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Mtu asiye na jina anayeipima nchi yangu namshuku. Ila namshuku pia yule wa jukwaani, anayesema kila aliyeumia kwa ajili ya uhuru anajulikana na anaheshimiwa. Sherehe nyingi nimehudhuria. Jina la Yohana Sichalwe sijalisikia.

Nikamweleza Elia. Baba yangu, wakati wa mkoloni, alichapwa viboko mbele ya mama kwa kutovua kofia. Hakuwa na pa kuulizia kwa nini. Mimi nilikuwa na pa kuulizia. Nilisimama mbele ya meza kule Vwawa, mwanamke wa darasa la tatu, nikamwuliza mtu mweusi kama mimi: ndugu yangu yuko wapi? Labda alinidanganya. Lakini aliinamisha macho, nami nikarudi nyumbani kwa miguu yangu. Uhuru ulinipa hicho. Na ndugu yangu, waliniondolea wale wale waliokuwa wakiulinda.

"Lakini hilo halishibishi, Bibi," Elia akasema, kwa sauti ya chini sasa.

"Kweli, halishibishi. Basi nikwambie la kushiba."

Mvua ilinyesha mara mbili, nikapanda. Majivu yalikuwa yametulia pale pale, maana Yohana alichoma siku yake hasa. Ulezi ulijaa ghala mpaka tukasuka vikapu vipya. Watoto walinenepa. Mke wake Rahabu aliuza uliobaki, akaezeka bati, nyumba ya kwanza ya bati kwa upande wetu wote.

"Kwa hicho kipimo chako," nikamwambia Elia, "huo ndio mwaka bora kuliko yote ambayo ukoo huu umewahi kuiona."