Mbao Zilizokataa Kutulia

Mimi si mtu wa kuficha maneno, kwa hiyo niseme mapema: Mama Simu hakuwa na shida ya sakafu. Jiko lake lilikuwa na saruji laini, haina hata ufa. Shida yake ilikuwa asubuhi. Alitaka mtu wa kumgongea mlango asubuhi amuulize ameamkaje, basi.

Jina hilo alilipata kazini. Maisha yake yote alikaa kwenye chumba kidogo hospitalini, akipokea simu za watu na kuwaunganisha: huyu anataka wodi ya wazazi, yule anamtafuta daktari, mwingine analia tu. Akastaafu. Mumewe akafariki. Watoto wako mbali, kila mmoja na mambo yake. Simu ya mezani bado ipo sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na hailii.

Mume wangu ni fundi wa sakafu za mbao, na karakana yake iko hapa hapa uani, kwa hiyo hakuna mteja anayepita nisimwone. Mama Simu alipokuja kuchagua mbao za jiko nilidhani ni kazi ya nusu saa. Wapi! Alikuja kesho yake, na kesho kutwa, na wiki iliyofuata. Anashika mninga, anaunusa. Anavua kiatu, anakanyaga mtiki.

"Fundi, huu ukimwagikiwa mafuta?"

"Unafuta tu, mama."

"Na huu, sufuria ikianguka?"

Mimi nafua pembeni, nasonya kimoyomoyo. Hata mchumba hachaguliwi hivyo!

Mwisho akauliza swali lililomfurahisha sana mume wangu. "Upi unachelewa kutulia?"

Maana mbao, kabla hazijapigiliwa, lazima zilazwe kwenye chumba chenyewe zizoee hewa yake. Fundi anapita kila asubuhi, anazigeuza, anazipima unyevu. Ukizipigilia zikiwa bado mbichi, zitakuja kujikunja zikuaibishe.

"Mkaratusi," mume wangu akamjibu. "Huo ni jeuri. Lakini nakushauri mtiki, mama, huo hauna maneno."

"Nipe mkaratusi."

Basi zikapelekwa, zikalazwa jikoni kwake, na mume wangu akaanza kupita kila asubuhi. Anarudi: bado. Wiki ikapita: bado. Kiangazi kikali, nguo zangu zinakauka sijamaliza kuanika, mbao za Mama Simu eti mbichi! Na baba watoto anatoka nyumbani amechana nywele. Kwangu mimi hajachana nywele tangu harusi. Nikasema, aa, hapa kuna namna.

Siku hiyo nikamtangulia. Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikausukuma mlango wa jiko bila hodi.

Mvuke ukanipiga usoni. Madirisha yote yamefungwa. Masufuria makubwa yanachemka motoni, ndani yake maji matupu, hakuna hata chumvi. Na Mama Simu amekaa kwenye kigoda katikati ya mbao, jasho linamtiririka. Pembeni yake trei, na vikombe viwili vimefunikwa visahani.

"Mama! Unaziharibu mbao!"

Hakukana. Alijifuta uso kwa kiganja. "Najua, mwanangu. Lakini akishazipigilia, atakuja kufanya nini tena?"

Hasira yote niliyotoka nayo nyumbani ikaniishia. Papo hapo mume wangu akabisha hodi mlango wa mbele. Mama Simu aliinuka upesi, akaweka sawa kitambaa kichwani, akaenda kumfungulia. Mume wangu akaingia, akaniona, akaona ninavyoyatazama masufuria.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Tangu siku ya pili. Kuta zinatoka jasho, ningeachaje kujua? Sasa ulitaka nimwambie nini?"

Alisema kwa sauti ya chini, lakini jiko lile ni dogo. Mama Simu alisikia. Alidhani anatembelewa, kumbe anahurumiwa, na nililiona hilo likimwingia usoni. Akazima moto. Akafungua madirisha, moja moja.

"Usipite tena kupima, fundi," akasema. "Zitakauka. Njoo siku ya kupigilia."

Zikakauka, zikapigiliwa. Sisemi uongo, ile ndiyo sakafu nzuri kuliko zote alizowahi kulaza mume wangu: nyekundu, imebana, hata sindano haipenyi. Mama Simu hatahitaji fundi tena maisha yake yote.

Sasa mume wangu anakunywa chai nyumbani, nywele timutimu, anatazama saa. Na mimi, mwenye mdomo wangu, roho inaniuma. Asubuhi moja nilijitanda kanga, nikaenda kugonga mlango ule ule wa jiko, safari hii kwa adabu.

"Nani?"

"Ni mimi, mama, mke wa fundi." Nikausogelea mlango. "Nimekuja kuangalia mbao."

Nikasikia hatua zake juu ya sakafu. Zikaja mpaka karibu na mlango, zikasimama. Nilingoja kitasa kizunguke.

"Zimetulia, mwanangu," akasema kutoka ndani, kwa sauti ile ya upole aliyokuwa akiwajibia watu hospitalini. "Asante. Nenda tu."