Faili Moja la Taa za Ipogolo

Mwaka wa mwisho chuoni Mbeya nilipangiwa mradi na binti wa Kihesa, mpole kuliko mimi, maana mimi hasira zangu ziko karibu. Wazo lilikuwa lake: taa za kuvukia barabara pale Ipogolo, mjini kwao Iringa, malori yanapopita bila kujali watoto wa shule. Saketi yenyewe hatukuiunga kwa nyaya. Tuliieleza kwa maandishi kwenye kompyuta, kila kipande na faili lake, na bodi ndogo ya majaribio ikafanya kama tulivyoandika. Yeye aliandika kihesabu sekunde na kitufe cha mvukaji. Mimi niliandika taa.

Wiki ya kuwasilisha, mama yake akafanyiwa upasuaji Iringa, naye akaenda kumuuguza kwa sababu hakukuwa na ndugu mwingine wa kukaa wodini. Madam, mwalimu wetu, alikuwa ameshatangaza: kila kundi lilete faili moja tu, na asiyekuwepo atarudia mwaka. Mwenzangu akanipigia.

"We unganisha tu," alisema. "Mi ntarudia, basi."

"Urudie nini na kazi umefanya?" Nilimfokea kana kwamba yeye ndiye aliyetoa amri.

Mchana huo nilikaa chumbani kwangu Ilomba nikaunganisha. Nilitanguliza taa zangu, kwani ndizo watu wanazoziona. Kompyuta ikagoma. Taa zangu zilitegemea hesabu zake, na katika faili moja kinachotegemewa lazima kisomwe kwanza. Nikapandisha kazi yake juu, yangu nikaishusha chini, ikakubali. Nilinuna kidogo, halafu nikajicheka.

Siku ya kuwasilisha taa ziliwaka vizuri, nyekundu, njano, kijani. Madam aliridhika mpaka kalamu yake ilipofika kwenye jina la mwenzangu.

"Huyu hayupo. Na hapa kila kitu kimechanganywa pamoja. Nitajuaje alichofanya?"

Damu ilinichemka, lakini nikasema taratibu, "Madam, naomba ufute kuanzia juu mpaka hapa nilipoweka kidole. Hiyo ndiyo kazi yake."

Akafuta, akajaribu kulituma tena faili kwenye bodi. Skrini ikajaa makosa kutoka juu hadi chini. Taa zangu zote zilikuwa bado zimo kwenye faili, na hakuna hata moja iliyoweza kuwaka. Madam aliyasoma yale makosa; karibu kila moja lilikuwa linatafuta hesabu za mwenzangu.

"Rudisha," akasema. "Maksi ni zenu wote. Akimaliza kuuguza aje, nitamuuliza mwenyewe."

Nilitoka nje nikampigia. Alipokea kwa kunong'ona kwa sababu mama alikuwa amelala. Nikamwambia tumefaulu.

Akauliza, "Na mimi?"

"Na wewe."

Nikamsikia akilia kwa kujizuia, asimwamshe mama, nami nikakaa kwenye ngazi za darasa nikalia naye.