Mkono wa Kushoto wa Sweta

Kaari alichagua printa yake kwa masikio. Watu wanaomfahamu wangekataa kuamini hivyo, kwa sababu katika soko zima la Gakindu hapakuwa na mtu mwenye macho makali kama yake. Alikuwa mpiga chapa wa chama cha wakulima wa kahawa hadi ofisi ilipopunguza wafanyakazi, na aliporudi nyumbani kazi ilimfuata: kumbukumbu za mikutano, mitihani ya shule za msingi, ratiba za harusi na za mazishi. Akiona herufi moja imekaa vibaya, alichomoa karatasi na kuanza upya, hata kama mwenye kazi alikuwa amesimama mlangoni akimwambia hapo pametosha.

Taipureta ilipochoka akanunua kompyuta iliyokwisha kutumiwa, akaiweka katika chumba cha nyuma, juu ya meza ndefu iliyokuwa ya dada yake.

Dada huyo aliitwa Kagwiria. Alikuwa amekuja kutoka Nkubu, upande wa Meru, mwaka uliofuata baada ya Kaari kuolewa. Alikuja kumtazama mdogo wake kwa juma moja, na alikuja na mashine yake ya kufuma sweta, jambo lililomfanya Theuri, mume wa Kaari, aulize kama huko Meru watu hutembea na meza zao. Juma hilo halikwisha. Kagwiria alifumia sweta shule zote za kuanzia Gakindu hadi Mukurweini, na kutwa nzima nyumba ilisikia mashine yake: kigari kinateleza juu ya sindano kwenda kulia, krrr, kinanyamaza kidogo, kinarudi kushoto, krrr. Theuri akirudi kutoka kwenye zizi la ng'ombe alikuwa akigonga ukuta wa mbao wa chumba hicho cha nyuma na kuuliza, "Shemeji, umefika wapi?"

"Mkono wa kushoto," Kagwiria alijibu siku zote, hata siku alizokuwa akifuma soksi au skafu.

"Hawa watoto wako na mikono mingapi?"

"Wa kushoto ndio unasumbua."

Katika miaka yote hiyo Kagwiria alijifumia sweta moja tu ya maana. Ilikuwa ya buluu, ile buluu ya majani ya kahawa siku ya pili baada ya kupigwa dawa ya shaba, wakati shamba zima linaonekana kama limevuliwa kutoka majini. Aliivaa kanisani, akaivaa kwenda Nyeri kupigwa picha studio, na picha hiyo ndiyo pekee aliyoiacha.

Alifariki wakati wa mvua za El Niño. Barabara ilikuwa imekatika mahali pawili, umeme haukuwako, na maziko yalifanywa haraka kati ya mvua moja na nyingine, watu wakiwa wamejitanda magunia vichwani. Hapakuwa na ratiba. Kaari, aliyekuwa amewapigia chapa marehemu wa nusu ya tarafa, jina na sura na historia ya kila mmoja, hakuwa na hata karatasi moja ya dada yake. Mchungaji alisema aliyoyakumbuka. Basi familia ilipokubaliana kufanya ibada ya ukumbusho baada ya mwaka, Kaari alisema jambo moja tu: kila atakayekuja ataondoka na ratiba yenye picha, na katika picha hiyo sweta itakuwa ya buluu.

Kwa hiyo mwezi wa nane alikwenda Nyeri, kwa Usman.

Usman alikuwa na duka la kompyuta karibu na stendi. Alizaliwa Majengo, hapo hapo mjini, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kiasi kwamba wateja kutoka mashambani walijikuta wakipunguza kasi wanapozungumza naye. Alimpangia Kaari mashine tatu juu ya kaunta.

"Hii ya pini ndiyo yako, mama," alisema. "Ni ngumu kama jembe. Ukiondoa utepe, pini zake zinakukatia stensili, unaenda kuzungusha nakala zako kwa mashine ya shule. Na utepe ukififia, mwingine haukutoi jasho."

Aliiwasha. Ililia kama bati linalokatwa kwa msumeno.

"Na hii ingine?"

"Ya leza. Inaandika vizuri kuliko zote, lakini haijui rangi. Kwake dunia yote ni nyeusi na nyeupe."

"Mimi niko na picha ya rangi."

"Basi ni hii ya wino. Ila nisikudanganye, inakunywa wino kama ng'ombe wa gredi anavyokunywa maji. Tena ina nafasi ya katriji moja. Ukitaka maandishi unatia nyeusi. Ukitaka picha unatoa nyeusi, unatia ya rangi. Ni toa, weka, toa, weka. Kwa kazi yako ya ofisi ya nyumbani, mimi singekushauri."

Akaiwasha ili tu Kaari aone alichokuwa akikatazwa. Karatasi ikashikwa, ikavutwa, kisha ndani ya kifuniko kigari kikaanza kuteleza. Krrr, kwenda kulia. Kikanyamaza kidogo. Krrr, kurudi kushoto.

Kaari aliweka mkoba wake sakafuni.

"Rudia," alisema.

"Imetoka sawa, mama. Tazama."

"Naona. Wewe rudia tu."

Usman alirudia. Halafu alimtazama mteja wake, akaacha kusifu ile ya pini, akaanza kutafuta boksi la mashine ya wino. Aliiskani picha ya Kagwiria, akaitia kwenye disketi. Akampa katriji mbili, ya nyeusi na ya rangi, na kikasha kidogo cha plastiki.

"Namba ya katriji ni hii hapa," alisema, akigusa kwa kidole. "Usibebe nyingine, hata ikifanana. Na ile ambayo haimo ndani ya mashine ikae kwenye kikasha hiki, sawa? Hiki kinaziba mdomo wake. Halafu uitumie mara kwa mara. Wino haupendi kukaa."

"Nimesikia, Bwana Usman."

Alikuwa amesikia. Lakini alisikia kama watu wa kwao wanavyosikia wanapoambiwa vitu vizuri vitumike.

Jioni hiyo hiyo alianza na nyeusi, akachapa kumbukumbu za mkutano wa wakulima. Theuri alikuwa akipita uani na debe la maziwa. Sauti ilipoanza alisimama. Hakugonga ukuta wala hakuuliza kitu. Alisimama mpaka karatasi ikaisha, kisha akaendelea na safari yake, na wakati wa chakula alisema tu kwamba hiyo mashine si mbaya.

Kesho yake Kaari aliijaribu ile ya rangi. Picha ilishuka mstari baada ya mstari: kwanza nywele, zenye ukijani kidogo kwa kukosa wino mweusi, halafu paji la uso, macho, ule mdomo uliokuwa karibu kucheka na mpiga picha. Halafu kola. Halafu mabega, na buluu yenyewe, ile ile, bila kupungua. Kaari alijikuta ameshika ukingo wa meza. Na hapo hapo, sweta ikiwa imefika kwapani, alibonyeza kitufe akaisimamisha. Kila mstari ulikuwa unakula wino, na wino huo ulikuwa na siku yake.

Kila nyumba ya Gakindu yenye sebule ina kabati la vioo, na ndani yake kuna vikombe ambavyo wenye nyumba hawajawahi kunywea. Ni vya wageni. Kaari aliitoa ile katriji, akakitazama kikasha cha plastiki, akaona kinafanana na vitu vya kutupwa. Akachukua leso nyeupe ya mfukoni ya Kagwiria, ya pamba, iliyotariziwa pembeni, akaifunga katriji ndani yake kwa mikunjo mitatu, akaiweka kabatini kati ya birika na vikombe. Kikasha alikitia sindano.

Ile karatasi aliyoikatiza aliibandika ukutani, juu ya meza. Kagwiria alikuwa na uso, kola na mabega. Mikono hakuwa nayo.

"Si ungemaliza?" Theuri alimuuliza.

"Nitamaliza siku yenyewe, Baba Mutahi."

Akaendelea na nyeusi miezi mitatu. Alipofanya kazi alifunga mlango wa chumba, na mara nyingine alichapa ukurasa mara mbili bila sababu ambayo angeweza kuieleza ofisini. Mwana wao Mutahi, aliyekuwa shule ya bweni Othaya, alipokuja likizo alisema mama ameanza kuharibu karatasi. Baba yake alimwambia aende akakate nyasi.

Siku ya kuamkia ibada, Ijumaa asubuhi, Kaari alifungua kabati. Alijua kabla hajaikunjua leso, kwa sababu leso ilikuwa imebadilika. Pamba ilikuwa imenyonya pole pole, tangu mwezi wa nane, na katika mkunjo wa ndani kulikuwa na ua kubwa la buluu, na kando yake doa jekundu, na manjano iliyosambaa hadi kwenye tarizi. Katriji yenyewe ilikuwa imekauka. Aliitia ndani ya mashine, akaagiza picha. Karatasi ilitoka nyeupe, na waridi kidogo mahali pa midomo.

Alifika Nyeri waumini wenzake Usman wakitoka kwenye sala ya Ijumaa. Alisubiri mlangoni hadi mwenyewe alipokuja kufungua, akakunjua leso juu ya kaunta bila salamu. Usman aliinama kuyaangalia madoa.

"Nilikupa kikasha, mama."

"Ulinipa."

"Hiki kitambaa ni cha nani?"

"Cha yeye."

Usman alichemsha maji, akalowesha kitambaa kingine, akaugandamiza mdomo wa katriji juu yake, akasubiri, akabonyeza tena. Ilitoa waridi. Ilitoa manjano. Pale buluu ilipopaswa kuwa palibaki pakavu.

"Nipe ingine basi."

"Ya rangi ya mashine yako sinayo hata moja. Nimeagiza Nairobi, zinakuja Jumanne."

"Ibada ni kesho."

"Najua unachotaka kusema."

"Na hiyo katriji hapo juu ya rafu? Ni ya rangi."

Usman aliishusha, akaziweka katriji mbili sambamba. Zilifanana kama mayai. "Namba ya mwisho si sawa," alisema. "Itaingia nusu ikwame. Ningeweza kukuuzia, uende nayo nyumbani ukanilaani huko. Sitaki." Alikunja ile leso kwa uangalifu, upande wa madoa ukiwa ndani, akamrudishia. "Chapa kwa nyeusi, mama. Sura itatoka safi. Mtu ni sura."

Kaari alisema asante. Njiani kurudi, mashamba ya kahawa ya upande wa Mukurweini yalikuwa yametoka kupigwa dawa, na alikaa akitazama upande mwingine.

Alichapa kwa nyeusi. Alifanya kazi hiyo kama alivyozifanya zote, ukingo kwa ukingo, na alipoona kwamba katika nakala moja jina Kagwiria limegusana na mstari wa chini, aliitoa. Usman alikuwa amesema kweli, sura ilitoka safi, hata ule mdomo wa kutaka kucheka. Sweta ilikuwa ya kijivu.

Jumamosi watu walijaa uani. Mchungaji alisoma historia ya marehemu kutoka kwenye ratiba na hakukosea hata jina moja. Baada ya chai, iliyonywewa kwa vikombe vya kabatini, mama mmoja wa sokoni ambaye watoto wake wote walivaa kazi ya Kagwiria alimshika Kaari mkono, akainua ratiba yake.

"Umetuletea yeye mwenyewe," alisema. "Na hii sweta yake ya buluu. Kwani nani atasahau hii buluu?"

Kaari aliitazama karatasi mkononi mwa yule mama. Ilikuwa ya kijivu kama ilivyokuwa jana. Yule mama aliikunja, akaiweka kifuani, akaenda kumwonyesha mwenzake.

Wageni walipotawanyika jua lilikuwa bado liko juu ya miti ya mgrevilia. Kaari aliingia chumba cha nyuma, akafunga mlango. Akatoa katriji nyeusi. Akatia ile iliyokauka. Akaweka karatasi, akaiita picha ya dada yake, akabonyeza.

Kigari kikaanza. Krrr, kwenda kulia, na hakuna kilichoandikwa. Kikanyamaza kidogo. Krrr, kurudi kushoto. Karatasi ilishuka kidogo kidogo, nyeupe mahali pa nywele, nyeupe mahali pa macho, nyeupe kwenye kola. Kaari aliketi kwenye kiti alichokuwa akifumia dada yake, mikono mapajani, macho kwenye ile karatasi ya ukutani iliyoishia kwapani. Safari hii hakubonyeza kitufe.

Uani, mtu aliweka debe chini. Mashine ilikuwa ikienda na kurudi. Kisha ukuta uligongwa, taratibu.

"Umefika wapi?" Theuri aliuliza.

Kaari alihesabu kwa macho, kutoka juu ya karatasi nyeupe hadi pale kigari kilipokuwa kikipita.

"Mkono wa kushoto," alisema.

Theuri hakuondoka. Kaari alimsikia akiegemea ukuta. Karatasi ilipoisha na kuanguka, alichukua nyingine nyeupe, akailisha mashine.