Taa Mbili: Nilivyomfuata Gideon Doha

Nilikwenda Doha kwa sababu baba yangu alikataa kwenda. Naanza na hilo lisije likapotea njiani.

Kaka yangu Gideon, fundi wa viyoyozi, alijilaza Ijumaa mchana, siku yake ya mapumziko, na hakuamka tena. Kampuni yake ilipiga simu Jumamosi ikasema moyo ulisimama, hivyo tu, na kwamba mtu wa familia aende aseme kama maiti irudishwe nyumbani au izikwe huko huko. Tiketi wangetoa wao. Mama yetu alishafariki. Baba, mzee wa kanisa, mtu anayependa kuamulia watu mpaka rangi ya mlango, safari hii alinitazama mimi.

"Nenda ukawaambie azikwe huko," akasema. "Waambie familia imekubali. Kisha urudi ulee mtoto wako."

Ninyi majirani zangu sababu yake mnaijua, msijifanye. Ni ile klabu. Taa Mbili, nyuma ya yadi ya mbao, nje kidogo ya Mombasa. Disko la mashoga, ndivyo mtaa ulivyoliita, na mtaa huo huo ulikuwa ukisimama barabarani kuchungulia nani anaingia. Watu walitoka Nairobi, wakatoka Tanga, hata Kampala, kuja kucheza pale. Gideon alikuwa wa huko; mimi sikuwahi kukanyaga. Nilijua tu, kama mlivyojua nyote, kwamba juu ya mlango kulikuwa na balbu mbili zilizoipa jina. Kisha siku moja watu walikwenda na marungu wakaifunga. Wiki hiyo hiyo Gideon akaondoka kwenda Uarabuni bila kuniaga, na mimi nina mimba ya Shani, miguu imenivimba kama mikate. Baba alisema siku ile alikuwa akimwombea mgonjwa. Alirudi nyumbani kiganja kimefungwa kitambaa, akasema amekatwa na bati la geti la watu.

Kwa hiyo nilikuwa na hasira na wote wawili: na Baba kwa kumtupa mtoto, na Gideon kwa kuninyima hata kwaheri. Nilikubali tiketi. Maneno niliyotumwa niliyabeba tu, kama mtu anavyobeba mfuko wa mwenzake.

Kuna jambo lingine, nalo sikumwambia mtu. Ijumaa ile aliyokufa Gideon, kabla simu haijapigwa, binti yangu Shani, ambaye mjomba wake alimwona kwenye simu tu, alivua viatu baada ya chakula cha mchana akaanza kucheza kwenye mkeka wa barazani. Redio ilikuwa imezimwa. Alicheza kimya, mkono mmoja juu, vidole vikizunguka kama anayefunga balbu, akiizunguka sehemu moja katikati ya mkeka. Nilipita hapo na beseni la nguo. Akapiga ukelele.

"Mama, hapo pana mtu."

Nilimwambia aache upuuzi. Ijumaa iliyofuata alifanya vilevile, na iliyofuata tena.

Karatasi zilikamilika wiki ya tatu. Alhamisi, uwanja wa ndege wa Doha. Aliyenipokea ni Bakari, dereva, mtu wa Tanga, rafiki wa Gideon tangu Taa Mbili. Nilitaka kumchukia kuanzia mlangoni. Alikuwa mwembamba, shati limepigwa pasi vizuri mno, na hakuuliza jina langu.

"Pua ni ya Gidi," alisema, akachukua begi. "Hasira sijui umeitoa wapi, dada'angu. Karibu."

Tulipita barabara pana, safi, maghorofa ya vioo pande zote na hakuna mtu anayetembea. Nje palikuwa na joto la kufungua mlango wa tanuri. Alininunulia chai ya karaki, tamu, nzito, tukainywa ndani ya gari, kisha akanipeleka mtaa wa Al Sadd kwa akina dada wawili wa Uganda wanaofanya kazi hotelini, walionipa kitanda cha mwenzao aliyekuwa likizo. Nikamwuliza Bakari ni lini nitamwona kaka yangu. Akasema mochari ni Jumapili, pamoja na ofisi ya kampuni. Kesho, akasema, nikipenda, atanipeleka mahali ambapo Gideon alikuwepo kweli.

"Mochari hayupo?"

Akaliweka begi langu mlangoni. "Yupo. Lakini si sana."

Ijumaa, baada ya swala ya mchana. Tulikwenda Industrial Area, ambayo wenyewe wanaiita Sanaiya. Mitaa yake haina majina, ina namba. Siku nyingine, Bakari alisema, mabasi ya kampuni hubanana pale hadi vumbi halitui. Siku hiyo palikuwa peupe. Karakana zote zimefungwa, jua limesimama wima, hakuna kivuli cha kitu chochote, hata gari letu halikuwa nacho. Nilisikia mlio mmoja tu wa viyoyozi, mfululizo, kama mtaa mzima unavuta pumzi na hautoi.

Karakana ya Gideon ilikuwa mwisho wa mtaa, na Bakari alikuwa na ufunguo. Ndani, viyoyozi vilivyofumuliwa vilisimama ukutani vifua wazi. Sakafuni walikuwa wametandika mablanketi, moja juu ya jingine. Na juu ya mlango, nyuma ya kidirisha kinachotazama barabarani, balbu mbili za kijani zinawaka mchana.

Wanaume walikuwepo labda kumi, Wakenya, Watanzania, Mganda mmoja, wote wamevaa soksi, wote na visikilizi masikioni. Mmoja, mlinzi wa hoteli, mrefu wa kugusa dari na masharubu ya askari wa zamani, alikuja akanipa mkono. Walimwita Malkia.

"Pole, siz," alisema. "Si uvue viatu. Huku chini blanketi ndiyo mazulia ya Ikulu."

Nikamwuliza hiki ni nini. Alinieleza kwa sauti ya chini. Taa Mbili ilipofungwa, watu wake walitawanyika, na wengi walidondokea Ghuba kutafuta kazi. Huku huwezi kufungua muziki. Basi kila Ijumaa, karakana ikifungwa, wanakuja. Bakari anashika leso juu. Ikishuka, kila mtu anabonyeza simu yake wakati mmoja, wimbo ule ule, na wanacheza bila sauti. Soksi na mablanketi ni kwa ajili ya nyayo.

"Na hizo taa?"

"Hizo ni sheria ya kwetu tangu Taa Mbili, na rangi ni ile ile. Mbili zikiwaka, ingia. Ikiwaka moja, kuna noma, pita kama unaenda dukani. Ukiona zote zimezimwa, hatukuwahi kuwepo."

Leso ikashuka.

Sijui niwaelezeeje. Wanaume kumi wanacheza na hakuna muziki. Nguo zinasuguana, mtu anavuta pumzi, kiyoyozi kinanguruma. Midomo inaimba bila kutoa kitu. Wote wanageuka pamoja, wote wanachuchumaa pamoja, wanacheka pamoja kwa jambo nisilolisikia. Kisha wote wakainua mkono mmoja na kuzungusha vidole, kama wanafunga balbu.

Ulikuwa mkono wa Shani kwenye mkeka. Nikapiga hatua mbili mbele nitafute pa kushika, na palikuwa na nafasi katikati yao, nikasimama hapo.

Wote wakasimama. Si kwamba walipunguza mwendo, walikatika. Malkia akafunika uso kwa mikono. Bakari alikuja akanishika kiwiko taratibu, kama unavyomtoa mtoto karibu na jiko.

"Dada," akasema, "hapo pana mtu."

Nikapiga kelele, na niliwatukana. Niliwauliza ni nani aliyewafundisha kuchezea maiti za watu. Hawakunijibu vibaya. Bakari alinikalisha juu ya mashine iliyopinduliwa akanieleza kwamba huo ni utaratibu wa Taa Mbili tangu zamani: asiyeweza kuja, kwa kifungo, kwa ndoa, kwa kifo, anaachiwa nafasi yake na hakuna anayeikanyaga. Hiyo ilikuwa ya Gideon. Ijumaa ile alicheza pale pale, akasema amechoka, akaenda kulala kwenye kambi ya wafanyakazi.

Nikamwuliza saa ngapi. Akaniambia. Ilikuwa saa ya Shani na mkeka.

Ili nielewe, akanivalisha visikilizi vyake. Hazikuwa nyimbo za dukani. Ilikuwa sauti iliyorekodiwa Taa Mbili yenyewe, siku ya mwisho, na mpiga diski aliyekuwa na tabia ya kurekodi. Nikasikia ngoma, vigelegele vya wanaume, chupa, mtu akiomba njia. Halafu nikamsikia Gideon akicheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu tukiwa watoto, mama yupo. Lilikuwa jumba zima la watu ndani ya kichwa changu, na mbele yangu wanaume wale wamesimama kimya wakinitazama.

Bakari akanyoosha kidole azime. Akasema huwa wanakomea hapo.

"Acha," nikamwambia.

Yakaja magongo mlangoni. Yakaja tena. Na sauti, nje, sauti iliyoniamsha kwenda shule miaka yote: "Fungueni. Kwa jina la Bwana, fungueni." Kioo kikapasuka, kidogo, kama balbu. Kisha, karibu kabisa na sikio langu, Gideon, bila hasira:

"Huyo ni baba yangu."

Mtu akacheka, akidhani ni utani. Muziki ukaendelea kidogo. Ukakatika.

Nilivua visikilizi. Nilikuwa natazama kiganja changu mwenyewe, kama kovu la Baba liko kwangu.

"Mlijua?" nikauliza.

"Alituomba tusikwambie," Malkia akasema. "Alisema una mimba, utakosana na mzee, na utabaki na nani."

Basi hiyo ndiyo kwaheri niliyokuwa nikidai.

Jioni ile nilimpigia jirani yangu Mama Furaha, aliyekuwa anamlea Shani. Akasema mtoto hajambo, ila mchana alicheza kile kimchezo chake, akakatika ghafla akaanza kulia. Alipoulizwa, alisema Mama amemkanyaga Mjomba.

Jumapili, ofisi ya kampuni. Bwana mmoja mpole, tai imembana, akaniambia kwamba mzee wangu alishapiga simu, mambo ni mepesi, nithibitishe tu azikwe Doha. Akaniuliza kama ndivyo familia ilivyosema.

"Baba amesema," nikamjibu. "Lakini mimi ndiye niliyekuja. Anarudi nyumbani."

Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia aulize tena aone. Kisha nilipelekwa mochari nikamwona kaka yangu. Bakari alisema kweli. Alikuwepo, lakini si sana.

Tuliondoka siku mbili baadaye kwa ndege moja, yeye chini kwenye mizigo, mimi juu. Kuagana na akina Bakari kulikuwa kufupi. Malkia alinipa balbu mbili za kijani zimefungwa ndani ya soksi. Nikamwambia sina namba ya simu ya yeyote wa zamani, nitawaitaje? Akasema, "Wewe washa tu." Safari nzima nilikaa viatu nimevua, na mhudumu aliyepita alidhani naumwa miguu.

Nyumbani kwangu, jioni ya matanga. Baba hakuja uwanja wa ndege. Alikaa barazani na wazee wenzake, akanisalimia kama anavyosalimiwa mgeni wa jirani. Jeneza lilikuwa sebuleni.  Nilipanda kiti nikafungua balbu nyeupe za baraza nikazifunga za kijani, moja upande huu, moja upande ule. Nikawasha.

Wazee walitazama juu wakaendelea na chai yao. Baba peke yake ndiye aliyeshusha kikombe. Mtu asiyewahi kufika Taa Mbili angeuliza kwa nini kijani. Yeye hakuuliza.

Jua lilikuwa bado halijazama vizuri. Getini akaja mwanamume nisiyemjua, amevaa suti ya kuazima. Akatazama juu, akaingia. Nyuma yake wawili. Nyuma yao mzee mwenye fimbo, kijana wa bodaboda na kofia yake mkononi, mwingine, na wengine. Sikuwaita. Hawakusalimiana. Kila mmoja alipofika kwenye mkeka alivua viatu, ingawa hakuna aliyemwambia. Na Shani alikuwa tayari hapo katikati ya baraza, hana viatu, mkono mmoja juu, anazunguka.

Baba aliinuka. Alinyoosha mkono wenye kovu kuelekea balbu ya kwanza, na ili aifikie ilibidi akate baraza. Niliinuka pia. Nilikuwa nimekusanya maneno ya kilomita zote hizo, mabaya, ya kumwambia mbele ya kanisa lake.

"Babu, usikanyage," Shani akasema. "Mjomba amesimama hapo."

Mguu wake ulikuwa hewani. Baba yangu, anayekemea mapepo kila Jumapili, alibaki na mguu mmoja hewani mbele ya watu wote, akitazama mkeka usio na kitu.  Kisha akaurudisha mguu pale ulipotoka.

Akazunguka. Alipita ukutani, taratibu, mgongo ukisugua chokaa, mpaka upande wa pili. Balbu ilikuwa sasa juu ya kichwa chake na angeweza kuizima kwa kidole. Hakuizima. Alivua viatu.

Tulimzika kesho yake, na mliokuwepo mliona. Mnaniuliza Doha kukoje, nimeleta nini, nimejifunza nini. Nimejifunza njia ya kupita barazani kwangu. Hadi leo sote tunapita ukutani, na Baba akija kututembelea anapita huko huko. Taa zinawaka mbili.